Mhariri, Simbu hakushinda Tokyo Marathon

Ndugu Mhariri,

Salaam nyingi kutoka Mbulu. Mimi ni mwalimu mstaafu, nimefundisha michezo shule za msingi miaka mingi na mpaka leo jioni huwa nipo uwanjani na watoto, gazeti lako linanifikia mchana likishashuka na basi na huwa naanza kulisoma kwa nyuma kwenye michezo. Nakuandikia kuhusu majina ya mashindano ya riadha na namna tunavyoyahesabu, maana naona kila mwandishi anaandika lake na hakuna anayemsahihisha mwenzake, na mimi jambo hili limenikaa rohoni tangu Septemba 2025.

Usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 15 mwezi ule sikulala. Niliweka bando la kutosha nimwone mkimbiaji wetu Alphonce Simbu kwenye marathoni kule Tokyo, simu nikaiegemeza kwenye chupa ya chai, mke wangu amejifunika blanketi pembeni anasema niamshe wakifika kilomita ya arobaini. Kule Tokyo ilikuwa asubuhi, huku kwetu saa tisa ya usiku imeshapita. Simbu yuko kwenye kundi, unamtafuta kati ya vichwa unampata unampoteza, alafu wanaingia uwanjani na Mjerumani Amanal Petros yuko mbele, mi nikajisemea haya, fedha nayo ni medali, na zile mita za mwisho Alphonce Simbu akaja, akaja, akaja, Petros akadondoka pale pale kwenye mstari na hakuna aliyejua nani kashinda mpaka skrini ilipoonyesha. Wote wawili waliandikiwa saa 2 dakika 9 na sekunde 48. Kilichowatenganisha ni sekunde 0.03. Mke wangu hakuhitaji kuamshwa, kelele zangu zilimtosha, na majirani pia.

Jumanne nikanunua magazeti matatu, lako likiwemo. Kwenye lako, na nakuomba ulitafute ukaone mwenyewe, kichwa cha habari kimesema Simbu atwaa Tokyo Marathon, aya ya kwanza ikasema ni Kombe la Dunia la riadha, huko chini mwishoni ikawa "shindano hilo la Olimpiki". Habari moja, mwandishi mmoja, mbio zile zile zimepewa majina matatu na hakuna hata moja lililo lake.

Jina lake ni Mashindano ya Dunia ya Riadha. Yalianza Helsinki mwaka 1983, yale ya Tokyo yalikuwa ya 20, na mbio alizoshinda Simbu ni marathoni ya wanaume ya mashindano hayo.

Tokyo Marathon ni kitu kingine kabisa. Ni mbio za mji, zimeanza mwaka 2007, zinakimbiwa kila mwaka karibu na Machi, wanaanzia Shinjuku na watu zaidi ya elfu thelathini wanakuwemo, daktari yumo, muuza samaki yumo, bibi wa miaka sabini yumo, na mbele yao wanakimbia wale wakali walioalikwa kwa mkataba wakiwa na fulana za kampuni zao. Simbu siku ile ya Septemba alikuwa na jezi ya Tanzania kifuani, alipelekwa na nchi, na nchi kwa kawaida inapeleka wakimbiaji watatu tu kwenye marathoni ile. Aprili mwaka huo huo alikimbia Boston Marathon akawa wa pili, ile ndo marathoni yenye jina la mji na ukiandika Boston Marathon umeandika sawa. Sasa mtu anayesoma kwamba kashinda Tokyo Marathon akaenda kutafuta orodha ya washindi wa Tokyo Marathon, jina la Simbu halimo na halitakuwemo kwa ushindi ule, atasemaje? Atasema Watanzania wamejitungia.

Kombe la Dunia nalo vijana wako wanaliandikaga kila kitu kikiwa na neno dunia, nadhani mpira umetuharibu masikio. Lakini riadha ilikuwa na Kombe la Dunia la kwake, kombe la kweli, lilianza Düsseldorf mwaka 1977 na lilikuwa linashindaniwa na timu, Afrika ikiwa timu moja, Ulaya timu, Marekani timu, likaenda hivyo mpaka mwaka 2010 likabadilishwa jina kuwa kombe la mabara. Na kulikuwa na Kombe la Dunia la Marathoni peke yake, la kwanza Hiroshima mwaka 1985, akashinda Ahmed Salah wa Djibouti. Kwa hiyo ukiandika Simbu bingwa wa Kombe la Dunia unampa kikombe cha watu wengine na cha kwake unamwachia juani.

Olimpiki ya Tokyo ilikuwepo, naelewa pengine ndo ilimchanganya mwandishi, iliitwa Tokyo 2020 ikafanyika 2021, na uwanja ni ule ule. Ila marathoni ya Olimpiki ile hawakuikimbia Tokyo hata kidogo, waliihamishia Sapporo kwa kuogopa joto.

Hapo kwenye majina matatu ningeweza kunyamaza. Kilichonifanya nichukue kalamu ni sentensi nyingine, ile iliyorudiwa na karibu kila gazeti na kila redio na magrupu yote ya WhatsApp niliyomo, kwamba Simbu ndiye Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa riadha.

Wiki ile ile jioni nipo uwanjani, watoto wamemaliza kukimbia wamekaa kwenye nyasi wananyoosha miguu, binti mmoja wa darasa la sita, mwepesi sana yule, akanitamkia hiyo sentensi kama ilivyo gazetini, kwa furaha kabisa. Nikamuuliza, mwanangu, wa kwanza wapi? Akasema duniani. Nikawaambia hapana, Oktoba 2005 kijana wetu anaitwa Fabiano Joseph alishinda Mashindano ya Dunia ya Nusu Marathoni kule Edmonton, Canada, na kabla ya hapo 2003 na 2004 alishachukua fedha mara mbili mfululizo kwenye mashindano hayo hayo, hakubahatisha. Miaka 20 kabla ya Simbu. Wakanyamaza. Alafu yule binti akaniambia, Mwalimu, mbona gazeti halijasema?

Nilirudi nyumbani nikafungua sanduku langu la bati. Nina tabia ya kukata habari za riadha tangu ujana, nyingine nimezibandika kwenye madaftari, nyingine zimeliwa na mchwa. Ya Fabiano ipo, karatasi imekuwa rangi ya chai, pembeni imetoboka, na ni ya gazeti lako wewe mwenyewe Mhariri, mwaka ule mliandika vizuri kabisa, bingwa wa dunia wa nusu marathoni, kila neno mahali pake. Gazeti lile lile miaka 20 baadaye linamfuta mtu liliyemwandika. Sidhani kama kuna aliyekusudia. Imetokea kwa sababu mtu amekata jina la mashindano katikati akidhani anafupisha habari.

Maana angeandika jina zima isingetokea. Simbu ni Mtanzania wa kwanza kutwaa medali ya dhahabu kwenye Mashindano ya Dunia ya Riadha. Hiyo ni kweli tupu na ni kubwa sana, haina haja ya kunyang'anya mtu mwingine ndo ionekane kubwa. Hata kwenye mashindano hayo hayo alitanguliwa na Christopher Isengwe aliyechukua fedha ya marathoni Helsinki Agosti 2005, na Simbu mwenyewe shaba London 2017. Yaani mwaka 2005 peke yake tulikuwa na fedha Agosti na dhahabu Oktoba, kwenye mashindano mawili tofauti ya dunia, na leo mtoto wa darasa la sita hajui hata moja.

Na angalia hiyo Edmonton inavyokuja. Mwaka 1978 Gidamis Shahanga alishinda marathoni pale pale Edmonton, ila ile ilikuwa Michezo ya Jumuiya ya Madola. Mwaka 2001 Edmonton ikaandaa Mashindano ya Dunia ya Riadha. Mwaka 2005 ikaandaa ya Nusu Marathoni akashinda Fabiano. Mji mmoja, mambo matatu. Mtu akiandika "alishinda Edmonton" hajasema kitu, na nimeona hilo limeandikwa, tena mara nyingi.

Sasa nije kwenye umoja na wingi, maana huku nako kumechafuka.

Mashindano ni mashindano, tayari ni wingi. Waingereza wao wanaweka s mwishoni hata kama ni mkusanyiko wa mara moja, kwa sababu ndani yake kuna ubingwa mwingi, wa mita mia, wa kuruka juu, wa kutupa mkuki na kadhalika, na wenyewe kwa wenyewe wanagombana s iwepo au isiwepo. Sisi Kiswahili kimetumalizia ugomvi huo, neno lenyewe linabeba wingi. Lakini naona siku hizi mtu anaandika "Shindano la Dunia la Riadha", sijui kwa kudhani kwamba kwa vile ni tukio moja basi lazima liwe umoja. Tokyo kulikuwa na mashindano 49 ya kugombea medali ndani ya siku 9. Shindano ni moja kati ya hayo 49, mfano kuruka chini au kutupa tufe. Yote kwa pamoja ni mashindano.

Kuna mara moja tu ninayoijua ambapo umoja ungefaa. Mwaka 1976 Olimpiki ya Montreal iliacha matembezi ya kilomita 50, basi shirikisho la riadha la dunia likaandaa mashindano ya dunia ya hayo matembezi peke yake, Malmö kule Sweden, jambo moja tu, wakatembea wakamaliza wakaenda kwao. Lile lilikuwa shindano. Na ndo maana hatuanzi kuhesabu 1976, tunaanza 1983.

Alafu kuna "mashindano hii", "mashindano imeahirishwa". Mtaani watu wanaongea wanavyoongea na mimi mwenyewe nikiwa na vijana siwakatizi, ila kwenye gazeti ni mashindano haya, yameahirishwa. Na mbio. Mbio ni za, mbio hizi, mbio zimeanza, hata kama ni mbio moja ya, unaona hata mimi ilitaka kunitoka, hata kama ni mbio za mita mia za sekunde kumi bado ni mbio za. Mtangazaji mmoja wa redio nilimsikia ndani ya dakika moja akisema mbio ya mita 800, mbio za mita 800 na mbio cha mita 800, hiyo ya mwisho labda ulimi uliteleza.

Ila linaloniumiza zaidi kwenye wingi ni ubingwa. Ubingwa hauna wingi, ni kama uzuri, ni kama uhodari, huwezi kusema uhodari nne. Vijana wako wanaandika "ametwaa ubingwa nne wa dunia" na wengine nimeona "mabingwa manne", wakimaanisha mtu mmoja. Mabingwa ni watu! Mtu mmoja hawezi kutwaa mabingwa manne labda awe anaoa. Kiswahili kina njia mbili nzuri kabisa, ama unasema ametwaa ubingwa mara nne, ama unasema ana mataji manne. Taji lina wingi, unalihesabu kama machungwa.

Na hizo njia mbili haziko sawa, hapa ndo napenda wahariri waangalie kwa makini. Chukua mbio za nyika. John Ngugi wa Kenya alikuwa bingwa wa dunia wa nyika mara 5, kuanzia 1986 mpaka 1989 mfululizo na tena 1992. Paul Tergat mara 5, 1995 mpaka 1999. Kwao mara tano ni mataji matano, sawasawa. Sasa njoo kwa Kenenisa Bekele wa Ethiopia. Kuanzia 1998 mpaka 2006 mashindano ya dunia ya nyika yalikuwa na mbio fupi na mbio ndefu, zote kwa wakubwa, na Bekele kuanzia 2002 mpaka 2006 kila mwaka alikuwa anashinda fupi, analala, anaamka anashinda ndefu. Miaka mitano, mataji kumi. Ukiandika kwamba miaka hiyo "Bekele alikuwa bingwa mara tano" kama ulivyomwandika Tergat, umemnyang'anya mataji matano mtu wa watu, na msomaji atadhani walikuwa sawa. Wanafunzi wangu niliwapa hesabu hiyo ubaoni kabisa, miaka mara mataji, wakaipenda kuliko hesabu za maembe.

Mwaka uliofuata, 2007, mashindano hayo yakaja kwetu Afrika Mashariki, Mombasa, kwenye uwanja wa gofu karibu na bahari. Mimi nilikwenda kwa basi na wenzangu wawili, tukasimama kwenye kamba tangu asubuhi, jua lile la Mombasa la Machi mnalijua, shati limelowa kama nimetumbukia mtoni. Mbio fupi zilishafutwa, kwa hiyo taji la wakubwa wanaume lilikuwa moja tu. Bekele yupo, na watu wa Mombasa wakaona aliyekuwa hashindwi anaachia njiani kwenye mzunguko wa mwisho kwa joto, na Zersenay Tadese wa Eritrea akapita akashinda. Zersenay huyo mwaka uliotangulia alishinda Mashindano ya Dunia ya Mbio za Barabarani kule Debrecen, Hungary, kilomita 20, na hapa angalia tena jina, hayo ya barabarani ndo yale yale ya nusu marathoni ya akina Fabiano, yalibadilishwa jina na urefu mwaka 2006, mwaka 2008 yakarudi kuitwa ya nusu marathoni, na 2023 kule Riga yakaitwa tena ya barabarani, yakaongezwa maili moja na kilomita tano. Mtu ambaye hafuatilii atadhani ni mashindano manne tofauti. Atakayewaambia ni nani kama siyo nyie wa magazeti?

Kuna neno michezo pia, nalitaja kwa haraka. Michezo ni pale penye michezo mingi, ngumi ipo, kuogelea kupo, riadha ipo. Michezo ya Olimpiki, Michezo ya Jumuiya ya Madola, Michezo ya Afrika. Mashindano ya riadha ni riadha tupu. Filbert Bayi wa Karatu alipoweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974, dakika 3 sekunde 32.2, ilikuwa Michezo ya Madola, na alipotwaa dhahabu Lagos 1973 na Algiers 1978 ilikuwa Michezo ya Afrika. Nimesoma mahali Bayi kaandikwa bingwa wa Mashindano ya Riadha ya Afrika 1973, wakati mashindano hayo ya riadha ya Afrika yalianza Dakar mwaka 1979. Huwezi kuwa bingwa wa kitu ambacho hakijaanza.

Na vijana. Hili nawaonea huruma kidogo waandishi maana Kiswahili chenyewe kimebana. Nairobi, pale Kasarani, iliandaa mashindano ya dunia mara mbili, 2017 na 2021. Ya 2017 yalikuwa ya chini ya miaka 18, na ndo yalikuwa ya mwisho, hayafanyiki tena. Ya 2021 yalikuwa ya chini ya miaka 20. Sisi yote tumeyaita Mashindano ya Dunia ya Vijana, basi. Sasa mtoto aliyekimbia 2017 na aliyekimbia 2021 wote kwenye magazeti yetu ni bingwa wa dunia wa vijana, na hakuna tofauti inayoonekana, wakati miaka 17 na miaka 19 kwenye mbio ni kama mtoto na baba yake. Si kazi kubwa kuongeza "chini ya miaka 18", ni maneno manne.

Najua kuna atakayesema mwalimu huyu anashupalia vitu vidogo, watu si wanaelewa. Nimeambiwa hivyo uso kwa uso na nitasimulia nilivyoambiwa.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alikuwa mkimbiaji mzuri wa mita 3000 uwanjani. Alikimbia mashindano ya taifa akawa wa pili, akapewa cheti. Cheti kizuri, kina nembo na mhuri na kimewekwa plastiki, na kimeandikwa kwa herufi kubwa MSHINDI WA PILI KOMBE LA TAIFA MARATHON 3000M. Nilipokisoma nilihisi tumbo limenishika lakini watu walikuwa wanashangilia nikanyamaza. Mwaka uliofuata akaomba nafasi chuo kimoja Marekani, kule wanachukua wakimbiaji wanawasomesha, na kocha wa kule akajibu vizuri tu, ila ana maswali. Hizi mbio zilikuwa za barabarani au za uwanjani, maana imeandikwa marathon. Na hili kombe ni mashindano ya taifa ya kweli au ni mashindano ya mwaliko. Mpwa wangu akaja na simu mkononi, mjomba, wananiuliza nilikimbia nini. Alikuwa anatetemeka.

Tukarudi kwa waandaaji waliotoa cheti tuombe kingine chenye jina sahihi. Mara ya kwanza mhusika hayupo. Mara ya pili yupo, akakitazama cheti akacheka akasema, mwalimu, si inaeleweka tu? Nikamwambia hapa Mbulu inaeleweka, kule anakokwenda haieleweki. Akasema atashughulikia. Tulikwenda mara tano, na kila safari ni nauli na ni siku ya shamba imepotea, na cheti kipya kilipotoka tarehe ya mwisho ya chuo ilikuwa imepita wiki tatu. Akakaa nyumbani mwaka mzima. Alikuja kupata nafasi baadaye chuo kingine, kidogo zaidi, anasoma na anakimbia na namshukuru Mungu, lakini ule mwaka wa kukaa jikoni akiangalia wenzake wanaondoka mimi niliuona kwa macho yangu, na ulitokana na maneno mawili, kombe na marathon.

Marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Nusu marathoni ni nusu ya hizo. Siku hizi kila taasisi ina marathon yake, marathon ya kilomita 5, marathon ya kilomita 10, kuna moja nimeona tangazo marathon ya kilomita mbili na nusu. Sipingi watu kukimbia, wakimbie, na wanaochangisha fedha za wagonjwa Mungu awabariki. Ila waite mbio. Neno mbio lina ubaya gani? Maana ukishaita kilomita tano marathoni, mtoto ukimwambia mzee wetu John Stephen Akhwari wa hapa hapa Mbulu alimaliza marathoni ya Mexico 1968 goti limefungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi kufika, mtoto anadhani mzee alitembea kilomita tano.

Kwa hiyo Mhariri nakuomba mambo mawili. La kwanza, kwenye dawati lenu la michezo andikeni orodha ya majina mbandike ukutani, ukurasa mmoja unatosha, Mashindano ya Dunia ya Riadha, Mashindano ya Dunia ya Mbio za Nyika, ya Barabarani, Michezo ya Olimpiki, ya Madola, ya Afrika, na lini kila moja lilibadilishwa jina, ili hata kijana aliyeanza kazi jana asikisie. Mkitaka mimi nitawaandikia na kuwatumia bure.

La pili ndo ninalolitaka zaidi. Mtoe sahihisho la ile habari ya Septemba, hata liwe mistari mitatu pembeni ya ukurasa, liseme Simbu alishinda marathoni ya Mashindano ya Dunia ya Riadha Tokyo 2025, na kwamba Fabiano Joseph alikuwa bingwa wa dunia wa nusu marathoni mwaka 2005. Mkilitoa nitalikata niliweke sandukuni pamoja na lile la kwanza, na jioni yake nitakwenda nalo uwanjani, maana yule binti wa darasa la sita kila tukikutana ananiuliza kama gazeti limeshasema.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa michezo,
Mbulu, Manyara